Ampu ya Tyubu Siyo Leseni ya Kupanda Jukwaani

Wapiga gitaa wa mjini wana ubishi wao ambao hauna refa wala dakika 90. Upande mmoja wapo watu wa ampu za tyubu, wanaoamini kwamba bila ile taa ya kioo inayowaka ndani ya ampu, gitaa la umeme bado halijapigwa. Upande wa pili wapo watu wa transista, wanaosema tyubu ni mambo ya kizamani yanayouzwa kwa bei ya kiwanja. Weka klipu ya gitaa mtandaoni leo, upige vizuri kiasi gani, komenti ya tatu lazima iulize: "Hiyo ni tyubu au transista?"

Kubishana siyo kosa, ndo raha yenyewe ya muziki. Tatizo limeanza pale ubishi ulipogeuka kuwa geti. Kuna kiongozi mmoja wa bendi, jina kapuni, mtu mwenye heshima zake kwenye muziki wa dansi. Siku hizi akiletewa kijana wa kufanyiwa majaribio, swali la kwanza siyo "unapiga nini", ni "una ampu gani". Ukimjibu ya transista anacheka mbele ya watu, na bendi nzima inacheka naye maana yeye ndo anayelipa.

Matokeo yake kuna dogo mmoja, naye jina kapuni, ambaye ameingia kwenye mikopo ile ya kausha damu ili anunue ampu ya tyubu iliyotumika. Kila wiki marejesho. Shoo za baa anazopata hazifiki hata nusu ya anachodaiwa. Na kazi kwenye ile bendi hakupewa, maana siku ya majaribio aliambiwa mkono wake bado mzito.

Ndo maana hii mada siyo ya mafundi peke yao. Tyubu ina sauti yake, hilo halina ubishi. Lakini ile sauti inayosifiwa kila siku inatoka pale ampu inapozidiwa. Mpigaji ambaye muziki wake unataka gitaa safi, ukimlazimisha anunue tyubu unamwibia hela kwa adabu.

KWANZA, VITU VYENYEWE NI NINI?

Gitaa la umeme likipigwa, nyuzi zinatikisika juu ya pikapu. Siyo ile gari ya kubebea matofali, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Pale unazaliwa umeme mdogo sana, ambao peke yake hauwezi kusukuma spika. Kazi ya ampu ni kuuchukua huo umeme mdogo na kuukuza.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na tyubu. Ni kama glopu: kioo kilichonyonywa hewa, ndani kuna waya unaopata moto na vibati vinavyopitisha umeme. Mmarekani Lee de Forest alitengeneza ile ya kukuzia sauti mwaka 1906. Redio za mababu, zile ambazo ukiwasha unasubiri kwanza zipate joto, ndo zilikuwa na hivyo vitu.

Transista ilikuja Desemba 1947 kwenye maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Watu watatu waliohusika, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956. Ni kitu kidogo, kigumu, hakina kioo, hakihitaji kupashwa moto na kinatumia umeme kidogo. Ndo iliyofanya redio ibebeke mkononi na kwenda nayo shambani.

Kwenye redio, televisheni na kompyuta, transista ilishinda mapema na watu wakasahau. Kwenye gitaa tu ndo vita haijaisha. Kwa nini?

SIRI IKO KWENYE KUZIDIWA

Ampu za kwanza za gitaa zilikuwa na nguvu ndogo. Wapigaji wakawa wanafungua volyumu mpaka mwisho ili wasikike mbele ya ngoma na tarumbeta, na ampu ikizidiwa inaanza kukwaruza. Kwa fundi ule ulikuwa ubovu. Kwa mpiga blues ikawa sauti tamu kuliko ile safi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko London, Jim Marshall na vijana wake walichukua ampu ya Fender Bassman ya Marekani kama mfano wakatengeneza ya kwao, JTM45. Jimi Hendrix na wenzake wakazichukua Marshall na kuzifungulia mpaka mwisho. Rock ikapata sauti yake hapo.

Sasa, tyubu ikizidiwa inazidiwa taratibu. Wimbi la sauti linakatwa kichwa, lakini kingo zinabaki na mviringo. Transista ya kawaida inavumilia, inavumilia, halafu inakata ghafla kama panga. Sikio linaisikia hiyo tofauti bila kufundishwa: moja inanung'unika, nyingine inapiga kelele.

Mwaka 1973 mhandisi wa sauti wa New York, Russell Hamm, alichapisha makala ambayo inatajwa mpaka leo kwenye ubishi huu. Hakupima ampu za gitaa, alipima mitambo ya kukuzia sauti ya maiki studio. Alichokuta ni kwamba mitambo ikifanya kazi ndani ya uwezo wake, tofauti ni ndogo mno. Ikizidiwa, ndo tabia zinaachana. Tyubu alizopima zilitoa zaidi hamoniki ya pili, transista zikatoa zaidi ya tatu.

Hamoniki ni zile sauti ndogo zinazozaliwa juu ya noti. Ukipiga A ya mitikisiko 110 kwa sekunde, hamoniki ya pili ni 220, yaani A ile ile ya juu yake. Inakaa vizuri, inanenepesha noti. Ya tatu ni 330, hapo umeshafika E. Siyo mbaya, ila inaipa noti ukali.

Watu wengi mtandaoni wamelichukua hilo wakaligeuza msahafu: "tyubu ni shufwa, transista ni witiri, mjadala umefungwa." Haujafungwa. Ampu nyingi kubwa za gitaa zinatoa nguvu kwa tyubu mbili au nne zinazopokezana, upande huu unasukuma, ule unavuta. Mpango huo wenyewe unafuta sehemu ya hamoniki za shufwa. Kwa hiyo yule anayemtambia mwenzake kwa hoja ya shufwa, inawezekana ampu yake mwenyewe inazifuta.

Kuna na jambo lingine ambalo halitajwi sana. Spika siyo kitu kilichotulia, nayo inapinga umeme kwa namna tofauti kwenye besi, katikati na juu. Ampu ya transista ya kawaida inaishika spika kwa nguvu, haiiachii. Ampu ya tyubu inaishika kwa ulegevu, kwa hiyo spika inapata nafasi ya kujitanua kwenye besi na kung'aa kule juu. Sehemu ya kile watu wanachokiita "joto la tyubu" ni hiyo. Na ndo maana mafundi wa ampu za transista walijifunza kuongeza njia ndani ya saketi ili nayo iishike spika kwa ulegevu. Zipo nyingi sokoni zinazofanya hivyo.

TRANSISTA ILICHAFULIWA JINA NA MWANZO MBAYA

Wanaosema transista ni takataka hawakuokota tu hiyo kauli barabarani. Fender ilipotoa ampu zake za kwanza za transista mwaka 1966, zilikuwa na matatizo ya kuharibika na sauti yake haikupendwa. Hazikudumu. Halafu kwa miaka mingi ampu ndogo za bei rahisi za kujifunzia zikawa za transista, zenye spika ndogo na boksi jembamba. Kila kijana amejifunzia hiyo, na akilini mwake transista ni ile sauti ya nyuki kwenye kopo. Siku akisikia ampu kubwa ya tyubu yenye spika mbili za inchi 12, anadhani amesikia tyubu, kumbe sehemu kubwa amesikia spika na boksi.

Lakini mwaka 1975 Roland ya Japani ilitoa Jazz Chorus, ile JC-120. Transista tupu, spika mbili za inchi 12, wati 60 kila upande. Andy Summers wa The Police na Robert Smith wa The Cure wamepiga nayo. Hata James Hetfield wa Metallica, bendi ya kelele kuliko kelele, aliitegemea kwa zile sehemu za gitaa safi.

B.B. King, mzee aliyefanya noti moja ya gitaa ilie kama mtu, alipiga miaka mingi na Lab Series L5. Transista. Dimebag Darrell wa Pantera alijenga jina lake kwa sauti nzito ya Randall, transista tena, na yeye hakutaka hata usafi, alitaka ule ukali wa panga.

Sasa kama yule kiongozi wa bendi angekuwa mlangoni, B.B. King angerudishwa nyumbani na nauli yake.

TUJE KWENYE MUZIKI WA HUKU

Sikiliza rumba ya Kongo au dansi la Tanzania. Magitaa hayako peke yake, yanajibizana. Ridhimu inatandika mkeka, solo inazungumza, besi inatembea, na katikati kuna lile gitaa ambalo Wakongo wanaliita mi-solo, linaloziba pengo kati ya ridhimu na solo. Sebene likichanganya, noti zinakuja nyingi, fupi, zinapishana kwa nafasi ndogo sana. Uzuri wake wote ni kwamba kila noti inasikika yenyewe.

Weka mkwaruzo mzito pale, uone. Noti zinashikana kama ugali uliozidi unga. Magitaa matatu yanakuwa kelele moja, na mcheza shoo hajui akate kiuno wapi.

Muziki huo unataka sauti safi, yenye nafasi, isiyozidiwa hata ikipandishwa. Na hapo ndo transista nzuri inapokaa kwenye kiti chake, maana kubaki safi ndo kazi iliyozaliwa nayo. Tyubu kubwa nayo inaweza, ila utakuwa umenunua kitu kwa ajili ya tabia ambayo hutaitumia. Ni kama kununua gari la mashindano ukaegeshe kwenye foleni ya Ubungo.

Watu wa tyubu wana jibu lao, na ni jibu la haki: hata kwenye sauti safi, tyubu ina kitu kwenye mkono. Ukigusa uzi kwa upole inanong'ona, ukiuchapa inakubana kidogo, noti inakaa muda. Wapo wapiga solo wazoefu wanaoliishi hilo na siyo uongo wao. Lakini hicho ni kitu cha mtu ambaye mkono wake umeshafika. Kijana ambaye bado mapigo yanamkimbia, hakuna tyubu itakayomrudishia mapigo.

GHARAMA AMBAZO MUUZAJI HASEMI

Muuzaji atakutajia bei ya ampu. Hatakwambia kwamba tyubu za nguvu huchoka kama matairi, na ampu nyingi zikibadilishwa tyubu zinatakiwa kupimwa na kurekebishwa upya na fundi anayejua. Hatakwambia kwamba tyubu mpya leo zinatengenezwa sehemu chache tu duniani, hasa Urusi, Slovakia na China. Mwaka 2022, vita ilipoanza Ukraine na Urusi ikazuia kusafirisha baadhi ya bidhaa, tyubu ziliadimika na bei ikapanda, wapiga gitaa wa Marekani wakahaha. Kama wao walihaha, wewe wa Mbagala utaagiza kwa nani?

Hatakwambia pia kwamba ampu iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa ya volti 120 wakati ukutani kwako kuna 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha umeme, umemaliza hadithi. Wala kwamba ampu ya tyubu haiwashwi ikapigwa bila spika kuunganishwa, maana transfoma yake ya kutolea sauti inaweza kuungua.

Na hili lisomwe mara mbili: ndani ya ampu ya tyubu kuna umeme wa volti 300, 400 na zaidi, na kapasita zinaweza kuuhifadhi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Siyo kitu cha kufungua na bisibisi ya jikoni kwa sababu umeangalia video. Umeme huo unaua. Apelekewe fundi mwenye uzoefu na vitu hivyo.

Haki itendeke pande zote. Transista nayo ina kero zake. Umeme ukiruka, inaweza kufa kimya kimya. Za kisasa nyingi vipande vyake ni vidogo na vimebanana kwenye bodi moja, ikiungua fundi anakushauri ununue nyingine. Tyubu ya 1965 bado inaweza kufufuliwa leo kwa sababu kila kipande kinaonekana kwa macho. Kwa mtu mwenye studio yake, umeme uliotulia na hela ya matunzo, tyubu ni mali. Anayepiga blues au rock, na anaishi ndani ya ule mkwaruzo, hana haja ya kuomba ruhusa kwa mtu. Anunue.

HADITHI YA WATI

"Wati 30 za tyubu ni sawa na wati 100 za transista." Hii utaisikia kila kona. Wati ni wati, hazina kabila. Kinachotokea ni kwamba mwenye tyubu anaendelea kupandisha volyumu hata ikianza kuzidiwa, maana ile sauti inampendeza. Mwenye transista akisikia tu ukwaruzo anarudisha nyuma. Kwa hiyo mmoja anatumia ampu yote, mwingine anatumia robo.

Na kuzidisha wati mara mbili hakukupi kelele mara mbili. Kutoka 50 kwenda 100 unapata desibeli 3 tu, sikio linaona imeongezeka kidogo. Ili sikio liseme "hii ni mara mbili", unahitaji kama mara kumi ya wati. Ukumbi wenyewe ukiwa mkubwa, ampu inawekewa maiki na kazi inafanywa na spika za ukumbi. Pale mbele ya jukwaa msikilizaji anasikia maiki, miksa na mkono wa fundi sauti kabla hajasikia tyubu yako.

Hata Fender, walioijenga dini ya tyubu, mwaka 2019 walitoa Tone Master Twin Reverb. Ndani hakuna tyubu hata moja, sauti ya Twin inaigwa kwa dijitali. Ina uzito wa kilo 15 hivi, wakati Twin yenye tyubu ni kilo 29. Kama wenye dini wameanza kuuza kitu kingine mlangoni, waumini watafakari.

KABLA HUJAKOPA

Fanya jaribio moja la bure. Chukua ampu mbili, moja ya tyubu, moja ya transista nzuri. Ukiweza, ziunganishe kwa spika ya aina moja kila moja kwa zamu. Zisawazishe volyumu, na hapa usidanganyike, maana sikio linapenda iliyo juu kidogo na kuiita nzuri. Mpe mwenzako apige wimbo wenu wa bendi, siyo solo ya rock aliyoitoa YouTube. Wewe geuka ukutani usikilize. Rudia mara kumi na uandike kila mara ipi ni ipi.

Ukipatia zote na moyo ukabaki kwa tyubu, basi ni yako, anza kuiwekea akiba taratibu. Ukibahatisha nusu kwa nusu, umeokoa hela. Nunua transista yenye spika nzuri, nyuzi mpya, stabilaiza ya umeme, na inayobaki mlipe mwalimu akunyooshe mkono.

Na kwa yule kiongozi wa bendi, ambaye akisoma hapa atajijua mwenyewe: mzee wetu, shikamoo. Heshima yako iko pale pale. Ila ukimfanyia kijana majaribio, mpe ampu ya bendi, wote wapigie hiyo hiyo, halafu uwasikilize. Ukimpata anayejua, ampu mtanunua pamoja kwa hela ya shoo. Yule dogo anaendelea kulipa marejesho kila wiki kwa ajili ya kicheko kimoja, na ampu yenyewe ameiweka sokoni. Mpaka sasa wanaokuja kuitazama wanaisifia, wanapiga nayo picha, wanaondoka.

Wadau wa gitaa, besi na kinanda: mnapigia nini, na mlikinunua kwa hela yenu au kwa hela ya kausha damu? Shukeni na komenti hapo chini. Matusi hapana, majina hapana.